Viatu vya chuma si kazi ya mama peke yake



Naomba nafasi katika toleo hili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limenisumbua tangu mwaka jana. Ni kuhusu watoto wetu waliozaliwa na mguu kifundo, na hasa vile viatu viwili vilivyounganishwa na chuma ambavyo mtoto huvishwa baada ya kumaliza plasta. Kuhusu plasta tumekwisha kusikia mengi. Mabango yapo ukutani, na kila mmoja wetu aliyehudhuria semina anaweza kueleza jinsi mguu unavyonyoshwa wiki kwa wiki. Kuhusu viatu hatusemi sana. Tunamkabidhi mama viatu, tunampa hongera, tunaandika "amemaliza" kwenye fomu, basi. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza, na ndipo tunapowapoteza watoto.

Kwa wale ambao hawajapata kuona, nieleze kidogo. Mguu kifundo ni hali ya kuzaliwa nayo. Unyayo umegeukia ndani na kuinama chini, kisigino kimepanda juu, hata ukimsimamisha mtoto atakanyagia ubavu wa mguu. Huwapata kama mtoto 1 hadi 2 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, wavulana zaidi kuliko wasichana, na karibu nusu yao huwa na miguu yote miwili. Haisababishwi na laana, wala mama kumcheka kilema, wala kuvuka kamba ya mbuzi akiwa na mimba. Haya ya kamba ya mbuzi niliyasikia hapa hapa kijijini kwetu kwa mtu mzima mwenye heshima zake, na nilimjibu kwa adabu kwamba kama ingekuwa hivyo, basi nusu ya watoto wa wafugaji wangezaliwa hivyo.

Matibabu yake yanaanza mapema, hata wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuzaliwa. Mtaalamu anaushika mguu kwa vidole, anausogeza polepole kuelekea mahali pake, kisha anaufunga plasta. Wiki inayofuata anafungua, anasogeza tena, anafunga tena. Kwa kawaida plasta tano hadi saba zinatosha. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo kano ya kisigino ili kisigino kishuke, kisha plasta ya mwisho inakaa wiki tatu. Siku hiyo plasta ikifunguliwa, mguu umenyooka. Wazazi hufurahi sana, na wana haki ya kufurahi. Siku hiyo hiyo mtoto anavishwa viatu vya chuma: saa 23 katika saa 24 kwa miezi mitatu ya kwanza, na baada ya hapo usiku na wakati wa usingizi wa mchana, jumla saa 12 hadi 14, mpaka afike miaka minne, pengine mitano.

Someni tena hapo. Plasta ni miezi miwili hivi. Viatu ni miaka minne.

Jambo ambalo hatulielezi vizuri ni kwamba viatu havinyoshi mguu. Mguu umekwisha kunyoshwa na plasta. Kazi ya viatu ni kuuzuia usirudi, kwa sababu ile nguvu inayouvuta ndani haijaisha, inaendelea mtoto anapokua. Ndiyo maana mama anautazama mguu mzuri wa mwanawe, anatazama vile vyuma, na kujiuliza: huyu mtoto amepona, ninamtesa kwa nini? Ni swali la akili kabisa. Na kama hakuna aliyemjibu kabla hajauliza, atajijibu mwenyewe kwa kuvivua. Wataalamu wa matibabu haya wanakubaliana kwamba sababu kubwa ya mguu kurudi ni kuacha viatu.

Sasa nieleze kosa langu, maana sipendi kuonekana kama ninawahubiria wengine.

Mwaka jana kulikuwa na mama mmoja katika nyumba ninazozipitia. Sitamtaja, yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike bila jina. Mtoto wake wa kiume alikuwa na mguu kifundo wa kulia. Plasta sita hakukosa hata moja, na kwenda kliniki ya mjini kutoka huku kwetu si jambo dogo: boda boda mpaka barabarani, gari mpaka mjini, foleni, kisha kurudi na giza, na nauli ilikuwa inatoka kwenye pesa ya chakula. Alivishwa viatu siku ya Alhamisi. Mimi nikapita Jumanne iliyofuata. Nikamkuta macho mekundu, hajalala siku tano. Mume wake alikuwa amekwenda kulima kibarua mbali. Jirani wa ukuta wa pili, na mnajua kuta zetu ni udongo na turubai, alikuwa amegonga usiku mara mbili kuuliza kama mtoto anapigwa.

Akanionyesha kisigino. Kilikuwa na alama nyekundu.

"Dada, wewe ndiye uliyesoma. Nifanye nini?"

Nikamwambia: "Mpumzishe siku mbili, ngozi ipoe, halafu umrudishie."

Nilifikiri nimetoa huruma. Kumbe siku mbili zile nyumba nzima ililala. Siku ya tatu ilikuwa siku ya kwenda kupokea pesa ya chakula. Kisha mama akashikwa na malaria. Kisha mvua. Mimi nilikutana naye bombani, nikamuuliza, "Mtoto hajambo?" akajibu, "Hajambo," nami nikaandika kwenye daftari "anaendelea vizuri". Wiki ya tano nilipoingia ndani ya nyumba, viatu vilikuwa juu ya boriti pamoja na jembe. Tulijaribu kumvisha, kisigino hakikushuka tena. Tukarudi kliniki, akafungwa plasta nne upya.

Yule mama hakunigombeza. Mama mkwe wake ndiye aliyeniambia: "Binti yangu, kuzaa hujazaa, sawa. Lakini kusoma si ulisoma?"

Baadaye mtaalamu alinieleza kilichotokea, nikaona aibu zaidi. Mama alikuwa anaogopa kumuumiza mtoto, kwa hiyo alikuwa anafunga kamba kwa kulegeza. Kiatu kikilegea, kisigino kinapanda na kushuka ndani, kinajisugua, ngozi inakuwa nyekundu. Dawa yake ilikuwa kukaza, na mimi nikasema avue. Viatu vyetu hivi vina tundu nyuma, karibu na kisigino, na tundu lile halikutobolewa kwa urembo. Limewekwa ili uchungulie uone kama kisigino kimekaa chini. Mimi nilikuwa nimevishika mkononi na sikuchungulia.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika sasa kuhusu siku za kwanza niliyajifunza baada ya kosa, mengine kwa mtaalamu, mengine kwa akina mama wenyewe.

Mtoto analia siku za kwanza, karibu wote. Halii kwa sababu viatu vinaumiza. Analia kwa sababu amezoea kurusha mguu huu na huu, kila mmoja kwa wakati wake, na ghafla miguu yote miwili imekuwa kitu kimoja. Amefungwa, hajui afanyeje. Anachohitaji ni kufundishwa kurusha yote pamoja. Mlaze chali, shika chuma katikati, sukuma magoti yakunjike, vuta yanyooke, sukuma, vuta, huku unamwimbia wimbo wowote anaoupenda. Fanya hivyo kila unapomvisha, na mara kadhaa mchana. Mtoto mchanga hugundua haraka kwamba akirusha miguu pamoja chuma kinakwenda juu na kugonga godoro, paa, na akishagundua hivyo anakuwa na mchezo mpya. Niliona mtoto wa miezi mitatu akigonga hivyo saa kumi na moja alfajiri mpaka babu yake akaomba chuma kizungushiwe kitambaa. Kizungushieni kitambaa kweli, kinene, kwa sababu kile chuma kikimpata mama kifuani usiku anaponyonyesha, kinauma.

Jambo la pili, na hili ni gumu kwa moyo wa mzazi: usivue kwa sababu analia. Kwanza angalia kama kuna tatizo. Ana njaa? Amejikojolea? Vidole vya miguu vina rangi ya kawaida, havijavimba wala kuwa vyeusi au baridi? Kisigino kipo chini? Soksi haijakunjamana? Kama yote ni sawa, mbebe, mbembeleze, mnyonyeshe, mtembeze nje, lakini viatu vibaki. Ukivua kila anapolia, mtoto huyo mdogo unayemwona hana akili atajua ndani ya siku mbili kwamba kilio ndicho kinachovua viatu. Na hapo utakuwa umejitafutia miezi ya vilio badala ya siku chache. Wengi nilioona walitulia kabla ya wiki mbili kuisha.

Kuvisha kwenyewe kuna ufundi. Soksi iwe ya pamba, isiyo na mshono mnene kwenye vidole, ivutwe isiwe na mikunjo. Kunja goti la mtoto, ingiza mguu, sukuma kisigino mpaka chini kabisa, shikilia kwa kidole gumba, kisha kaza ule mkanda wa katikati kabla ya kamba. Chungulia tundu. Siku ya kwanza ambayo mtaalamu amemvisha vizuri, chora mstari kwa kalamu ndani ya kiatu mahali vidole vinapofika. Siku zinazofuata, vidole vikiishia nyuma ya mstari ule, kisigino hakijashuka. Mtoto mtulivu mvishe kwanza mguu uliokuwa na tatizo. Mtoto anayepigana anza na mguu mzuri, kwa sababu akirusha anajisukuma mwenyewe ndani ya kiatu cha pili.

Usipake mafuta kwenye alama nyekundu. Najua vaselini kwetu ni dawa ya kila kitu. Hapa inalainisha ngozi na kuifanya ichubuke. Wekundu kidogo unaopotea baada ya muda mfupi ni wa kawaida. Wekundu mkali usiopotea, au lengelenge, maana yake mguu unateleza ndani ya kiatu, na hapo njoo kwetu siku hiyo hiyo au nenda kliniki. Usingoje siku ya miadi. Na tafadhali, usimwite mhudumu kama nilivyokuwa mimi mwaka jana, anayejibu kabla ya kutazama.

Kuna mambo mengine madogo yanayowashtua watu. Viatu vimeelekea nje mno, mguu uliokuwa na tatizo kama nyuzi 70, ule mzima kama 40. Mama mmoja alidhani fundi amekosea, akataka mumewe avinyooshe kwa nyundo. Havijakosewa. Vimetengenezwa hivyo ili kuuvuta mguu kinyume na unakotaka kurudi. Tena kiatu bila chuma hakisaidii, hata kama kimefungwa vizuri namna gani. Chuma ndicho kinachoshika ule mwelekeo, na urefu wake unalingana na upana wa mabega ya mtoto. Mtoto akikua, vidole vikaanza kukunjika juu ya ukingo wa kiatu, viatu vimekuwa vidogo, vibadilishwe.

Na kumbeba. Hili sikuliona kwenye kitabu chochote, nililisikia kwa akina mama. Mtoto mwenye viatu vya chuma hawezi kukaa mgongoni kama tulivyozoea, miguu ikizunguka kiuno cha mama, kwa sababu chuma hakimruhusu kuachanisha miguu kiasi hicho. Sasa mama ambaye anachota maji, anakwenda shambani, anapanga foleni, atamweka wapi? Wengi huvua viatu asubuhi ili wambebe, na hiyo asubuhi inafika jioni. Dada mmoja wa kijiji cha jirani amepata njia: anamfunga kitenge ubavuni, miguu yote miwili ikitokea mbele, chuma kikilala juu ya tumbo la mama. Si rahisi kama mgongoni, inachosha bega, lakini inawezekana. Nimemwomba awaonyeshe wengine, amekubali.

Viatu hivi, kwa taarifa yenu, havikutoka mbali. Aina tunayoivaa hapa ilibuniwa hapa hapa Uganda, na Michiel Steenbeek, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi na watoto wenye ulemavu Kampala. Alitumia ngozi, plaiwudi na chuma cha kawaida, vitu ambavyo fundi wa viatu na fundi wa kuchomelea wanaweza kuvipata sokoni, kwa sababu viatu vya Ulaya na Marekani vilikuwa ghali mno. Sasa vinatumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo mtu akiwadharau watoto wetu kwamba wamevaa "vyuma vya fundi", mwambieni hivyo.

Na njia yenyewe ya plasta na viatu iliasisiwa na Ignacio Ponseti. Nikisoma habari zake nilisimama kidogo. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania. Alikuwa daktari kijana wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akitibu majeruhi, na upande wake uliposhindwa mwaka 1939 alivuka milima kwenda Ufaransa pamoja na majeruhi wake, wengine wakibebwa na nyumbu. Kutoka huko akaenda Meksiko, kisha mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani, na huko ndiko alikobuni matibabu haya. Alifariki mwaka 2009. Alikuwa mkimbizi, kama sisi. Kwa miaka mingi madaktari wenzake walipendelea kupasua miguu ya watoto, na njia yake ilianza kuenea sana ulimwenguni mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapa Uganda iliingia mwaka 1999.

Nirudi kwenye hoja yangu. Tunapokuta viatu juu ya boriti tunasema, "Mama huyu mzembe." Mimi sikubali. Utafiti uliofanywa hapa Uganda na kuchapishwa mwaka 2007 ulitaja yanayowashinda wazazi: umaskini, umbali wa kliniki, kazi nyingine alizo nazo mama, na baba kutosaidia. Uzembe sikuuona kwenye orodha. Na hayo yote manne tunayo hapa, tena kwa wingi kuliko wenyeji.

Kuhusu akina baba nitasema wazi ingawa najua baadhi ya wazee watakasirika. Siku ya kuvishwa viatu anayekwenda ni mama peke yake. Yeye peke yake ndiye anayeonyeshwa. Akirudi nyumbani, yeye peke yake ndiye anayejua, na yeye peke yake ndiye anayeamka. Akiugua, kama yule mama wa mwaka jana, hakuna anayeweza kumvisha mtoto. Baba anayelalamika kwamba kilio kinamzuia kulala kabla ya kibarua, ninamwelewa, kibarua ndicho kinacholeta sabuni. Lakini baba huyo huyo akipewa kile chuma akishike, asukume na kuvuta huku mtoto anacheka, mara nyingi ndiye anayekuwa hodari kuliko wote. Nimeona wawili hivyo, mmoja wao fundi baiskeli, ambaye alifunga kamba vizuri kuliko mimi. Na bibi wa nyumba asipoelezwa atavua kwa mapenzi tu. Atamwona mjukuu wake amefungwa kama mbuzi wa kuuzwa, atamwonea huruma, na nani atambishia bibi?

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo, na nawaomba wakubwa wa kitengo chetu wayafikirie.

Kwanza hilo neno "amemaliza". Lisiandikwe siku ya viatu. Liandikwe mtoto akitimiza miaka minne na mguu ukiwa bado umenyooka. Kabla ya hapo aandikwe "yupo kwenye viatu", na karatasi yake ibaki kwenye faili la wanaoendelea. Najua itaharibu sura ya ripoti zetu za mwezi, idadi ya waliomaliza itashuka. Ishuke.

Mtu asiruhusiwe kutoka kliniki na viatu mpaka watu wazima wawili wa nyumba hiyo wamevivisha kwa mikono yao mbele ya mtaalamu. Kama nauli ya mtu wa pili haipo, basi sisi wahudumu tumfundishe huyo wa pili nyumbani siku inayofuata. Na sisi tupite siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Tuingie ndani tukishike kiatu na kuchungulia tundu. Salamu za bombani si ziara. Ukaguzi wa viatu ambavyo havina tatizo ungeweza kufanyika hapa kituoni badala ya kumtuma mama mjini kwa kazi ya dakika tano. Ni wachache watakaohitaji kwenda mbali.

Tena majirani waambiwe. Nilijaribu hili mwezi uliopita kwa familia moja mpya: kabla mtoto hajavishwa, nilizunguka nyumba nne za karibu nikawaeleza kwamba mtoto wa fulani atalia siku kadhaa, hapigwi, anatibiwa. Jirani mmoja akasema, "Basi usiku wa kwanza mleteni kwangu saa moja, mama yake apumzike." Sikumwomba. Alijitolea.

Nimeulizwa na wasomaji wawili jambo lingine linalofanana, na nilijibu hapa kwa kifupi. Ndugu zao waliohamia Marekani wametuma picha ya mtoto amevaa kofia ngumu kama ya dereva wa boda boda, usiku na mchana. Wakauliza kama ni ugonjwa. Huyo mtoto ana kichwa kilichobonyea upande mmoja kwa kulazwa upande huo huo muda mrefu, wakati mfupa wa kichwa bado ni laini. Kofia hutengenezwa kwa kipimo chake, huvaliwa saa kama 23 kwa siku kwa miezi kadhaa. Saa zile zile za viatu vyetu, na bila shaka vilio vile vile na macho yale yale ya majirani. Hapa hatuhitaji kuitafuta kofia hiyo. Wengi hurekebika kwa kumgeuzia mtoto kichwa upande huu leo na ule kesho anapolala, na kumlaza kifudifudi akiwa macho huku unamtazama. Kubeba mgongoni pia kunasaidia, kichwa hakikandamizwi na godoro. Usingizini alale chali, hilo lisibadilike, kwa sababu kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla kwa mtoto mchanga. Kama kichwa kimezaliwa hivyo au umbo linazidi kuharibika, mleteni aonekane.

Na kwa familia zinazojiandaa kuhamia nchi nyingine mtoto akiwa bado kwenye viatu: vibebeni kwenye mkoba wa mkononi. Visiwe ndani ya sanduku linaloweza kuchelewa wiki nzima. Mwambieni daktari wa kule siku ya kwanza. Familia moja ilifikiri wakionekana na mtoto mwenye vyuma safari itafutwa, wakavificha.

Yule mtoto wa kosa langu anaendelea. Alimaliza plasta za mara ya pili, yupo kwenye viatu vya usiku tu, na mchana anatambaa kila mahali. Bibi yake ndiye anayemvisha jioni. Nilipopita juzi alinikabidhi kiatu akaniambia nichungulie mimi kwanza.

Wiki hii kuna watoto wawili wapya watakaovishwa Alhamisi, na soksi za pamba tulizonazo kituoni zimebaki jozi tatu. Mwenye soksi za mtoto zilizomwishia, safi, hata kama hazilingani rangi, azilete kwa mhudumu wa kijiji chake kabla ya Jumatano jioni.